Theluji ya Januari, Darasa la Kwanza B

Shule za msingi za Tanzania hufunguliwa Januari, na Januari ya Dar es Salaam ni ya joto la kumfanya kuku atembee mdomo wazi. Ndiyo wiki ambayo mwalimu wa darasa la kwanza anatakiwa awe na ukuta uliopambwa: chati ya irabu, chati ya namba, siku za wiki, miezi ya mwaka, na ile ya hali ya hewa yenye mshale wa kadibodi unaozungushwa kila asubuhi. Kazi yake iliyoandikwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo mtaala wa mwaka 2015 uliziweka mbele ya kila kitu katika darasa la kwanza na la pili. Kazi yake isiyoandikwa popote ni kujua manila na gundi zitatoka wapi.

Basi usiku, wanawe wakishalala, anawasha simu na kuingia mtandaoni kutafuta vya bure. Vipo, tena tele. Walimu wa Marekani, hasa wa madarasa ya mwanzo, ni watu wakarimu na wenye mikasi. Wametengeneza kalenda, kadi za namba, picha za kupaka rangi na mapambo ya kila mwezi, wakayaacha hapo kwa yeyote mwenye bando. Mwalimu mmoja wa Temeke alikipata kifurushi cha namna hiyo, cha miezi yote 12, akakishusha chote bila kukichungulia. Cha bure hakikaguliwi meno.

Kushusha kulikuwa bure. Kutoa kwenye karatasi hakukuwa bure.

"Za rangi au nyeusi, madamu?" aliuliza dada wa steshenari. Madamu alipotajiwa bei ya rangi akaona kwamba nyeusi nayo ina heshima yake. Kisha likaja suala la ukubwa. Wamarekani huchapa kwenye karatasi yao ya Letter, yenye upana wa milimita 216. Sehemu kubwa ya dunia, Tanzania ikiwemo, hutumia A4, yenye upana wa milimita 210. Milimita sita si kitu mpaka zikatwe upande wa kulia wa kalenda. Kwenye kalenda za Kimarekani wiki huanza Jumapili na kuishia Jumamosi, kwa hiyo printa iliiangukia Jumamosi. Tarehe 10 ikabaki 1. Tarehe 17 nayo ikabaki 1. Tarehe 24 ikawa 2 na 31 ikawa 3, mbele ya watoto ambao ndiyo kwanza wanafundishwa kwamba namba hufuatana. Kijana mmoja ambaye kila Jumamosi hupelekwa madrasa aliitazama ile safu iliyokatika, kisha akauliza, kwa matumaini makubwa, kama imefutwa.

Wazo la kumpa kila mtoto nakala yake lilikufa pale pale kaunta. Darasa lilikuwa na watoto 97. Kiwango cha serikali ni 45 kwa chumba, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 darasa la kwanza la mjini hupokea watoto kama daladala ya saa moja asubuhi inavyopokea abiria: wakishajaa, wanasogea. Kwa shilingi 100 kila kopi, ukurasa mmoja wa bure ungegharimu shilingi 9,700. Madamu akatoa nakala moja ya kila mwezi, za ukutani, akaenda zake.

Ukurasa wa Januari ulikuwa na mtu wa theluji.

Kwa rangi, huenda angeeleweka. Kwa wino mweusi unaokaribia kuisha alikuwa mabonge matatu yaliyobebana, la juu limevaa kofia. Madamu akamwelekezea rula. "Huyu ni nani?"

Mikono ikapaa. "Ugali!"

Mwingine akaona jibu halijatosheleza. "Matonge matatu, madamu. La baba, la mama, la mtoto."

Mpangilio wake haukuwa na kosa: kubwa chini, la kati katikati, dogo juu. Lakini si jibu lililokuwa kwenye andalio la somo. "Ni mtu," madamu akasaidia.

"Anaumwa," akasema binti wa dawati la mbele. "Kajifunga shingo." Na kweli, mtu anayevaa skafu Temeke, Januari, saa nne asubuhi, huyo ana homa, na wa kwao hupelekwa zahanati kupimwa malaria. Swali la pua yake kuwa karoti likaahirishwa kwa faida ya wote.

Madamu akaamua kufundisha theluji. Akaeleza kwamba kuna nchi ambazo kukiwa na baridi sana barafu hudondoka kutoka angani, inajaa njiani, juu ya mapaa, juu ya magari. Watu wazima huona hapo taabu ya usafiri. Lakini kwa mtoto wa shule ya msingi ya Dar es Salaam, barafu ni ile inayouzwa getini wakati wa mapumziko, imefungwa kwenye kijifuko, unaing'ata kona na kuifyonza. Darasa likanyamaza likitafakari nchi ambamo hiyo inadondoka yenyewe.

"Bure, madamu?"

"Bure."

"Ya ubuyu au ya ukwaju?"

Somo la hali ya hewa liliishia hapo. Watoto 97 walikuwa wakijadili namna ya kuhamia Marekani, na yule wa matonge ya ugali alikuwa ameshapanga kwenda na ndoo.

Wasichekwe. Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona weupe kwenye kilele cha Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta, haiwezekani, macho ya bwana huyo yana matatizo. Ubishi ulichukua miaka zaidi ya kumi kumalizwa. Wasomi wa London walikataa theluji ya Tanzania. Darasa la kwanza B limeiita theluji yao ugali. Ngoma droo. Na kama shule ingekuwa Moshi, angalau madamu angefungua dirisha asubuhi yenye anga safi na kuonyesha kidole kileleni, mita 5,895 juu, ambako barafu haijui Januari wala Julai. Ipo tu, inapungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Miezi iliyofuata haikuwa na nafuu. Februari ilikuwa na mnyama mnene anayechungulia kutoka shimoni. Huyo huko kwao ana sherehe yake: tarehe 2 Februari, katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, watu hukusanyika kumtazama, wakiamini kwamba akiona kivuli chake baridi itaendelea wiki sita zaidi. Darasa lilimtambua mara moja. "Panya buku!" Kila mtoto alikuwa na habari za panya buku, na hakuna aliyekuwa na habari njema. Hapo lakini madamu alipata pa kusimamia, kwa sababu panya buku wa Tanzania ana wasifu mzito kuliko huyo wa Pennsylvania. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Kivuli chao hakuna anayekiuliza. Wana kazi.

Oktoba lilikuja boga lenye macho na meno. Watoto walikubaliana kwamba limekasirishwa na mtu. Mzazi mmoja alilipitia dirishani, akaenda hadi getini, akarudi, na kwa adabu zote akauliza kama mwalimu mkuu anajua kuna kitu cha namna ile kimebandikwa juu ya vichwa vya watoto.

Septemba ilikuwa ya majani mekundu yanayopukutika, na hapa kosa ni la kupendeza zaidi. Mwalimu wa Tabora au Katavi akibandika ukurasa huo, watoto wake watasema wanaijua rangi hiyo, na watakuwa wanasema kweli. Miti ya miombo hugeuka rangi nyekundu ya shaba kuanzia mwezi huo huo, wiki kadhaa kabla ya mvua. Ila yale ni majani machanga yanayochipua. Kwenye karatasi ya Marekani wekundu ni mti unaolala. Nje ya dirisha la Tabora wekundu ni mti unaoamka. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo ataulizwa na mtoto anayechunga mbuzi, na atashindwa hoja.

Mtu anaweza kudhani dawa ni chati ya majira ya Kitanzania, moja, kwa nchi nzima. Nayo ina vituko vyake. Pwani na kaskazini kuna mvua mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukienda Singida, Dodoma, Mbeya au Songea, mvua ni msimu mmoja tu, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili. Sasa chukua mwalimu aliyehamishwa kutoka Tanga kwenda Singida na chati yake nzuri ya manila, aliyoichora kwa jasho lake. Anaibandika, anafundisha kwamba Mei ni mwezi wa matope. Watoto wanatazama nje, vumbi linapita. Wanatazama chati. Kwa watoto wa miaka saba wana heshima kubwa: hawasemi kitu, wanaandika "Mei ni mwezi wa matope" kwa mwandiko mzuri, na vumbi linawatulia juu ya daftari.

Si kwamba mtandaoni hakuna cha nyumbani. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu mwalimu kuzichapa, kuzitafsiri, hata kuzibadilisha ziendane na darasa lake. Mwaka huo huo Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha katuni za hesabu kwenye televisheni, na baadaye ikaleta Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeviweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao. Hapo mali ni safi. Tatizo linabaki kwamba chumba kina watoto 97 na simu moja yenye kioo cha kiganja.

Mwalimu mmoja wa darasa la pili alilitatua kwa kuisimamisha simu juu ya kopo la chaki na kuwapanga watoto kwa zamu, safu kwa safu. Safu ya tatu ilikuwa imefika palipo patamu simu ilipoita. Katuni ikapotea, likatokea jina la mpigaji. Sasa, ikumbukwe kwamba mwalimu huyu alikuwa hodari wa K ya kwanza. Alikuwa amewafundisha watoto wake kuvunja neno lolote kwa silabi na kulisoma kwa sauti wakiwa pamoja. Wakalivunja.

"U-si-po-ke-e! Ki-ko-ba!"

Mwalimu wa chumba cha pili alisikia. Mwalimu mkuu alisikia. Mhasibu wa kikoba, aliyekuwa kwenye simu, bahati nzuri hakusikia, kwa sababu hakuna aliyepokea.

Ndipo walimu wengi hurudi kwenye vya bure vya zamani: vizibo, chelewa, mbegu, udongo. Vyuo vya ualimu vimesisitiza zana za mazingira tangu enzi za mkaa na ubao, na wathibiti ubora wa shule wakija hupenda kuona kona ya hisabati yenye makopo ya vitu vya kuhesabia. Vitu hivi havihitaji bando. Vina ugonjwa wake tofauti: vinatoka nyumbani kwa watu.

Mwalimu mmoja wa Mwanza aliwaagiza watoto waje na vizibo kumi kila mmoja. Alisema vya soda. Lakini soda siku hizi nyingi ziko kwenye chupa za plastiki, na mtoto aliyeagizwa kizibo cha bati anajua kwa kwenda. Kesho yake saa mbili asubuhi darasa lilinuka Jumapili. Somo lilikuwa kupanga vitu kwa makundi, na makundi yalijipanga yenyewe: Kilimanjaro huku, Serengeti kule, Safari, Ndovu, na kwa kuwa ni Kanda ya Ziwa, lundo zuri la Balimi. Kwa dakika kadhaa mwalimu alijipa moyo kwamba hii ni jiografia. Kisha kijana mmoja akainua Kilimanjaro na kufafanua zaidi: "Hizi za baba." Akainua Safari. "Hizi za baba mdogo." Akanyamaza kidogo. "Mwisho wa mwezi baba mdogo naye anakunywa za baba."

Katika uchambuzi wa matumizi ya kaya, watu wamepewa shahada kwa kazi dhaifu kuliko hiyo.

Kizibo chenyewe, ukikitenga na habari za familia, ni zana bora kuliko nyingi za dukani. Kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, aliyepewa hataza mwaka 1892, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana. Cha kwanza kilikuwa na meno 24. Cha siku hizi kina 21. Mwambie mtoto ahesabu meno ya kizibo uone. Wa kwanza atasema 20. Wa pili 23. Wa tatu bado anazunguka, yuko 46 na anaendelea, kwa sababu duara halina mahali pa kuanzia wala pa kuishia na hakuna aliyemwambia asimame. Hapo ndipo panapohitajika mwalimu: unapaka jino moja chaki, unaanzia hapo, ukilirudia unaacha. Ni somo zima la hesabu kwa kitu kilichookotwa chini ya meza, na katika darasa la watoto mia kila mmoja anapata chake. Walimu wengine huandika herufi ndani ya vizibo, watoto wakaunganisha maneno. Hilo nalo huenda vizuri mpaka mtu aondoke na "a" zote mfukoni, halafu darasa zima linaona kwamba bila hizo mama hapatikani, baba hapatikani, na hata chai haipo.

Chelewa ni habari fupi. Mwalimu anataka vijiti vya kuhesabia, vifungwe kumi kumi kwa mpira ili watoto waone makumi na mamoja. Kila mtoto anakwenda kuchomoa kwenye ufagio wa nyumbani. Baada ya wiki ufagio wa bibi unabaki na vijiti vya kuhesabika, ambalo ndilo lilikuwa lengo la somo, lakini bibi hakushirikishwa kwenye maandalizi.

Mbegu ni hatari zaidi. Karanga hazifai kabisa kufundishia kutoa. "Una karanga kumi, ukitoa nne zinabaki ngapi?" Jibu la kitabu ni sita, jibu la dawati ni sifuri, na mtoto anatafuna huku akikuhakikishia kwamba amezitoa. Maharage mabichi hayaliwi, ndiyo maana yanapendwa na walimu waliokwishapoteza karanga. Ila harage lina ukubwa uleule wa tundu la pua la mtoto wa miaka sita. Likishaingia linakuta unyevu, na unyevu ndio lililokuwa likiusubiri: linavimba. Kila mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaa kazini miaka ya kutosha amewahi kusindikiza harage zahanati, likiwa na mtoto. Nesi huwa hashangai. Huuliza tu pua ya kulia au ya kushoto.

Kwa ushahidi wa zana ya msimu iliyotimia pande zote, twende Kagera. Senene hufika kwa wingi kwenye Novemba, na tena kwenye Aprili na Mei, wakifuata mvua. Usiku hujaa kwenye taa, asubuhi wamo kwenye nyasi za uwanja wa shule. Wapo wa kijani, wapo wa kahawia: tayari una somo la kupanga kwa rangi. Kila mmoja ana miguu sita: una somo la kuzidisha. Wana mabawa, wana vipapasio, wana macho makubwa yanayokutazama kwa lawama: una sayansi. Hakuna kampuni duniani inayoweza kukufikishia zana hai namna hiyo hadi mlangoni bila gharama.

Mwalimu mmoja wa huko, mgeni kutoka mkoa mwingine, aliyaona hayo yote akafurahi mno. Akawatuma watoto nje na makopo. Wakarudi yamejaa. Akaandika ubaoni: senene 1 ana miguu 6, senene 5 wana miguu mingapi? Alipogeuka, darasa lilikuwa kimya, vidole vinakwenda kasi, vichwa vimeinama kwa umakini ambao hakuwahi kuuona kwenye hesabu. Akapita kati ya madawati kukagua. Watoto wa Kihaya hawajaanza jana kushika senene. Miguu ilikuwa imeshachunwa yote, mabawa pia, na senene wamepangwa safi wakisubiri kikaango.

"Senene watano wana miguu mingapi?" akauliza, sauti imepungua.

"Hawana, mwalimu."

Akaweka vyema, kwa sababu hawakuwa nayo. Jioni ile jirani alimletea bakuli la waliokaangwa. Inasemekana alikula senene wote waliobaki kwenye zoezi.

Kenya wana toleo lao la mambo haya, na huko kilio ni cha wazazi. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoingia gredi za mwanzo nchi nzima Januari 2019, ulisisitiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Wazo zuri, na kwa mwalimu wa kijijini halikuwa geni. Tatizo ni kwamba mazingira ya Nairobi ni orofa ya nne. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa tatu usiku: kesho kila mtoto aje na mdoli wa majani makavu ya mgomba. Mgomba wa karibu uko kwa mashemeji, Murang'a. Baba anashuka kwa bawabu, bawabu anamjua mama mboga, mama mboga ana majani aliyofungia viazi lakini anayauza, na kwa kuwa yeye si wa kwanza kuulizwa usiku huo, bei imeshapanda. Saa sita usiku watu wazima wawili wenye kazi za heshima wanabishana kama mdoli anahitaji magoti.

CBC hupima kazi kwa ngazi nne, ya juu kabisa ikiwa ni kuzidi matarajio. Asubuhi mwalimu anaupokea mdoli wenye magoti, viwiko na kikapu mkononi, anautazama, anamtazama mtoto ambaye ndiyo kwanza anauona yeye pia, na anaandika: amezidi matarajio. Hajasema nani.

Udongo wa mfinyanzi una sifa moja ambayo vingine vyote havina, kwamba masika ikifika hakuna anayeombwa aulete. Unakuja kwenye viatu. Watoto wanafinyanga irabu, kisha namba, kisha, mwalimu akigeuza mgongo, ng'ombe. Ng'ombe huwa wazuri kuliko irabu kila mara. Gharama yake huonekana saa za kurudi nyumbani, kwa kuwa shati la shule ni jeupe. Mama mmoja alikuja kesho yake na shati lenyewe mkononi. "Shikamoo mwalimu. Nimekuja na 'e'." Na kweli ilikuwepo, kifuani, imeandikwa vizuri, na sabuni ilikuwa imeshindwa.

Kazi nzuri ya masika, inayofanywa na walimu wengi kwa gharama ya chupa tupu, ni kupima mvua. Unakata chupa ya maji ya plastiki sehemu ya juu, unaigeuza iwe faneli, unaiweka uwanjani imezungushiwa mawe, na kila asubuhi mtoto wa zamu anasoma rula na kujaza chati ya nguzo. Yatakiwa iwekwe mbali na paa na miti. Yatakiwa pia iwekwe mbali na mbuzi, ambalo vitabu havisemi, na ndiyo sababu wiki moja ya mafuriko Bagamoyo chati ya darasa la pili ilionyesha sifuri siku tatu mfululizo.

Darasa lililofuata mbuzi walizuiwa kwa miiba. Kukawa na shida nyingine. Shule ile ilikuwa na utaratibu kwamba mvua ikinyesha hakuna kufagia uwanja asubuhi. Watoto huingia madarasani moja kwa moja. Na bomba lilikuwa hatua chache kutoka kwenye chupa. Chati ya mwezi huo ilipendeza sana: nguzo ndefu Jumatatu, ndefu Jumatano, ndefu zaidi Ijumaa. Afisa elimu kata alipopita kukagua aliisimamia kwa muda, mikono nyuma.

"Jumatano mvua ilikuwa kubwa namna hii?" akamuuliza mtoto wa zamu. "Mimi nakaa hapo ng'ambo ya barabara, nilianika mahindi siku nzima."

Mtoto akamwamkia kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akamweleza kwamba Jumatano ilinyesha kwenye chupa tu.

Afisa akaandika kitu kwenye daftari lake na kuuliza Ijumaa ilikuwaje. Ijumaa, alijibiwa, walikuwa wengi bombani.